Niligeuza Kayaki ya Mdogo Wangu Asione Pale Ilipobonyea

Kosa ni langu. Naanza na hilo kwa sababu najijua: nikianza na maelezo, mwishoni mtaniona kama mtu aliyeonewa. Sikuonewa na mtu.

Mimi si mwandishi. Nilisoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari, basi. Lakini niko na daftari ninamoandika mambo ya kila siku, na mengi nitakayosema hapa nimeyaangalia humo. Siku zingine sikuandika kitu, kwa sababu sikutaka kuja kujisoma. Hizo ninazikumbuka tu, na mnaweza kunitilia shaka. Mimi mwenyewe najitilia.

Majina nimebadilisha.

Tunaishi Lubunga, upande wa kushoto wa mto. Nauza chakula kando ya barabara, malewa ndogo tu: wali, sombe ya majani ya mihogo, samaki, na lituma ya ndizi ninayoitwanga mwenyewe. Watoto watatu. Baba yao hayupo, na hiyo ni habari nyingine.

Katika parcelle yetu, kiwanja hiki hiki, anaishi pia mdogo wangu, nitamwita Toussaint. Polio ilimkamata akiwa mtoto, miguu yake haimbebi. Anatengeneza redio na simu mjini, ng'ambo ile, meza yake iko karibu kabisa na maji. Miaka mingi alivuka kama mzigo. Huku mbebaji alimchukua mgongoni toka mchangani hadi ndani ya mtumbwi, kule mwingine alimshusha. Mbebaji wa huku wanamwita Camion, lori. Si mtu mbaya, lakini ana mdomo, na kila mtu kwake ni vieux, mzee. Asubuhi moja alimwambia mbele ya abiria wote, "Vieux, leo uko muzito. Ulikula meza ya redio?"

Watu walicheka. Toussaint naye alicheka. Jioni hakugusa chakula.

Halafu alikuja madamu mmoja mgeni, kazi yake ilikuwa kuhesabu samaki wa mto. Redio yake iliharibika, Toussaint akaitengeneza, wakazoeana. Alipomaliza kazi alimwachia kayaki yake, ya plastiki, ya njano, fupi. Mnajua kwetu mtu anapiga kasia amesimama. Toussaint hawezi kusimama. Katika kayaki mtu anakaa chini, miguu imenyooka mbele, kazi yote ni ya mikono. Na mikono ya Toussaint ni ya watu wawili.

Tangu siku hiyo alivuka peke yake. Aliifunga kayaki nyuma ya tricycle yake, ile baiskeli ya kuzungusha kwa mikono, akaivuta hadi majini, akajitupa ndani, akaenda. Kule aliivuta mchangani akatembea kwa mikono hadi kwenye meza yake. Camion alikuwa anampigia saluti. Miaka mitatu hivyo. Sikuwahi kumwona mtu anayependa kwenda kazini namna ile.

Nyumba yetu ni ndogo, kayaki haikuweza kulala ndani. Ililala uani, na Toussaint alikuwa na utaratibu wake, madamu alimfundisha. Tumbo juu, juu ya matairi mawili ya zamani. Juu yake bâche, ndiyo turubai, ya kijivu, ya bei ya chini, ya sokoni, lakini aliichagua kwa rangi, maana nyeusi inavuta jua. Bâche isiguse plastiki, ikae juu ya vijiti ili upepo upite. Kamba zifungwe kwenye ncha mbili, si katikati. Na juu yake pasiwekwe kitu. Hata nguo.

Alinieleza hayo yote siku aliyosafiri. Nilisema ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Sasa kwa nini alisafiri. Mama yetu kule Yahuma alivunjika mguu, ilihitajika mtu wa kukaa naye. Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye mwanamke, ilikuwa zamu yangu. Toussaint akasema nikifunga malewa watoto watakula nini, yeye ataenda. Kupika anajua, na kukaa, alisema, hakuna anayejua kukaa kumshinda yeye. Alipanda boti, na toka boti alipanda pikipiki, wakamfunga kwa dereva na kitenge changu. Aliondoka kabla ya Noeli. Alikwenda badala yangu.

Mwezi wa kwanza jirani yetu alifiwa na mume. Nitamwita Mama Zaituna. Matanga ilifanyika uani kwao, na mnajua matanga inavyokuwa: watu wanapita nyumba kwa nyumba kutafuta viti, sufuria, bâche za kuwakinga waombolezaji na jua. Walifika kwangu wakaona ya kijivu. Nani atasema hapana? Niliifungua kwa mikono yangu nikawapa. Hapo sijioni na kosa. Nimefikiria sana, na bado hapo sijioni nalo. Toussaint mwenyewe angetoa.

Kayaki ikabaki wazi. Nikatafuta plastiki nyeusi, ile nyepesi ya kufunikia matofali mabichi. Nilijua alisema nini juu ya nyeusi. Nilisema ni siku chache. Vijiti vilikuwa vimeanguka, sikuvirudisha. Niliilaza plastiki juu ya kayaki moja kwa moja, nikaifunga kwa kamba katikati, nikaishusha hadi chini pande zote, nikakandamiza na matofali. Ilikuwa nzuri kwa macho. Imefungwa kama zawadi.

Wiki ya tatu Mama Zaituna aliniletea bâche malewani. Kwa haki lazima niseme: aliileta mwenyewe, akiwa bado na kitambaa cha msiba kichwani, na alikuwa ameifua kwa sabuni. Ilikuwa imekunjwa vizuri kama shuka. Mvua ilikuwa inakuja, wateja wanne wako kwenye benchi na sahani zao. Nikaikunjua hapo hapo, nikaitandaza juu yao.

Ilipendeza. Wateja walisema, sasa malewa imekuwa restaurant. Ilikuwa ndefu sana ikazuia njia ya jirani, basi nikachukua kisu nikaikata.

Pale. Kama mtaniuliza kosa lilianzia wapi, ni pale kwenye kisu.

Huku uani niligundua kwamba plastiki nyeusi inakausha mihogo haraka. Siku mbili badala ya nne! Nilijiona mwenye akili. Nikawa natandaza mihogo juu ya kayaki kila siku ya jua. Upepo ulipoanza kuinua plastiki, nilichukua kinu changu cha lituma nikakiweka katikati, juu ya tumbo la kayaki. Kinu cha mti mzito, wanawake wanakijua uzito wake. Kikakaa hapo mwezi wa pili wote, na mwezi wa pili kwetu jua halina mchezo.

Siku moja niliinua ukingo wa plastiki kutafuta kuku. Joto lililotoka lilikuwa kama la sufuria unapofunua mfuniko. Nikarudisha ukingo. Sikufikiria kitu. Nimeandika katika daftari: kuku amepatikana.

Baada ya Pasaka Toussaint alituma habari kwamba mama anatembea, anarudi. Nikaondoa kinu, mihogo, matofali, plastiki. Katikati ya tumbo la kayaki palikuwa na shimo. Si tundu, hapana, palibonyea, duara, kama bakuli la kulia. Ukiweka maji yanatulia humo.

Nilikaa chini nikaliangalia. Sikulia. Mwili wangu ulikuwa kama umetoka kwa dentiste na sindano ya ganzi, unajua pale pana maumivu lakini hauyasikii.

Asubuhi iliyofuata, baridi ya alfajiri bado iko, nilijilaza chini ya kayaki nikalisukuma lile shimo toka ndani kwa visigino. Nilisukuma kwa nguvu zangu zote. Likasema ka. Likarudi nusu. Juu yake ulibaki mstari mweupe, mrefu kama mkono, kama mkunjo wa karatasi.

Nikaigeuza. Tumbo chini, tundu la kukalia juu. Hivyo ubaya wote ulikuwa chini, kwenye majani. Nikaiosha, nikaipaka mafuta ya mawese, iling'aa. Bâche iliyokatwa, ambayo sasa ilikuwa nyeusi kwa moshi, niliitoa malewani nikaificha chini ya magunia ya makala, makaa ya kupikia.

Toussaint alifika siku ya pili jioni, amekonda, kucheka ni kule kule. Alisalimu watoto, akateremka, akaenda kwa mikono moja kwa moja hadi kwenye kayaki. Akaipigapiga kama mtu anavyopiga bega la rafiki.

"Yaya, bâche iko wapi?" Yaya ndivyo anavyoniita, dada mkubwa.

"Walikuya kuikamata mwezi wa kwanza, ya matanga, kwa Mama Zaituna. Hawajarudisha bado."

"Tangu mwezi wa kwanza?"

"Ni watu wa kilio, Toussaint. Ningewauliza namna gani?"

Akasema bon, ni kweli, hauwezi kuuliza. Kisha akaniuliza kwa nini imelala tumbo chini. Nikasema niliiosha, inakauka. Akanishukuru. Andikeni hilo: alinishukuru.

Usiku ule sikusema. Asubuhi niliwasha moto wa malewa, nikamwona anapita na tricycle, kayaki inamfuata nyuma kwenye kamba, na sikusema. Nilikuwa na muda. Barabara ile ni ndefu, ningeweza kumkimbilia. Nilikuwa nimeshika kijiko cha wali.

Kilichotokea majini nimesimuliwa na watu wa mtumbwi wa ndizi waliomtoa. Wanasema alikuwa amepita katikati, na toka mbali waliona kayaki inavuta upande mmoja, yeye anairudisha, inavuta tena. Halafu waliona ameacha kupiga kasia, anatoa maji kwa kofia. Walipomfikia maji yalikuwa yamemfika kifuani, mstari ulikuwa umefunguka chini yake. Walimshika kwenye makwapa wakamvuta. Kuogelea anajua, lakini mto huo si wa kuogelea. Sanduku la vyombo vyake lilizama, pamoja na simu za watu.

Kayaki waliikokota hadi mchangani. Imepasuka toka katikati hadi karibu na ncha.

Aliletwa nyumbani mgongoni kwa Camion. Camion siku hiyo hakutania.

Sasa msikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi wangefikiri kosa langu limeisha. Halijaisha.

Toussaint hakunilaumu. Alisema ni jua: kayaki imekaa miezi bila bâche yake, plastiki imechoka. Na bâche ilikuwa kwa nani? Kwa Mama Zaituna. Hakumtukana, si tabia yake. Aliacha tu kumsalimu. Anapita mbele ya mlango wake na tricycle, anaangalia barabara. Kwetu, kutomsalimu mjane ambaye hajatoa kitambaa cha msiba, watu wanaona. Waliuliza, yeye akawaambia sababu. Ikaenea hadi kwenye bomba la maji: kwa Mama Zaituna walikula bâche ya kilema.

Wiki mbili hivyo. Halafu Mama Zaituna alikuja kwetu. Mchana, Toussaint yupo, mimi namenya mihogo. Alisimama mlangoni, hakutaka kiti, akaniita ndeko, dada.

"Ndeko, ile bâche, si nilikuletea miye mwenyewe, kule malewa?"

Toussaint alinigeukia. Hakuwa na hasira, alikuwa anangoja tu jibu.

Nikasema, "Sikumbuki, Mama. Siku zile mambo yalikuwa mingi."

Sikusema hapana. Nilijiambia hivyo baadaye, kwamba sikusema uongo, nilisema sikumbuki tu. Nimejaribu kuwa mwenye haki kwa nafsi yangu pia, lakini hapo haki haipatikani.

Uso wa Mama Zaituna ulikuwa kama wa mtu anayehesabu kitu kichwani na hesabu haitoki.

"Bon," alisema. "Kama weye haukumbuki, basi labda ni miye."

Akaenda. Siku mbili baadaye alileta bâche mpya, ya buluu, bado na mikunjo ya dukani. Akaiweka mbele ya Toussaint akaomba msamaha kwa kuchelewa. Toussaint akaipokea. Nami nilikuwepo. Niliona mikono yangu inaendelea kumenya.

Bâche mpya haikuwa na kitu cha kufunika. Toussaint aliifunikia kayaki iliyopasuka, kwenye matairi, na vijiti, na kamba kwenye ncha mbili.

Miezi miwili nilinyamaza. Nilipika, nilihudumia, nililala. Sikuhisi vibaya, na hilo ndilo lilinitisha kidogo. Kila asubuhi Camion alikuja mlangoni kumchukua mdogo wangu. Alianza tena kutania, pole pole. "Vieux, jana haukunipa adieu." Toussaint hakucheka tena hata kwa kujilazimisha. Siku zingine alisema hana kazi leo, akabaki uani.

Siku moja ya Jumapili, baada ya misa, alikuwa ananisaidia kumenya ndizi karibu na kayaki. Akafunua bâche, akapitisha kidole kwenye ule mpasuko. Alikuwa anasema kama kwa nafsi yake, lakini mimi ndiye niliyekuwa karibu.

"Ona, yaya. Hapa palibonyea kwanza. Kubonyea si kitu. Unaimwangia maji ya moto, ao unaiacha juani bila kufunika, inarudi yenyewe. Yule madamu alinionyesha, ilibonyea mara mbili kwake. Lakini hii, mutu aliisukuma wakati iko baridi. Ndiyo ilivunja."

Alisema mutu. Hakuniangalia.

Maji ya moto. Mimi ninayechemsha maji toka asubuhi hadi jioni.

"Ni miye," nilisema.

Akaendelea kumenya ndizi ile mpaka ikaisha. Akachukua nyingine. Nikamweleza yote, kinu, mihogo, visigino, mafuta ya mawese.

"Na bâche?"

"Iko chini ya makala."

Akasema niilete. Nilipoikunjua mbele yake masizi yalianguka kwenye ndizi. Aliangalia pale nilipokata, alipima kwa macho kilichobaki. Aliuliza kitu kimoja.

"Mama Zaituna anajua?"

"Hapana."

"Ungeniambia asubuhi ile, yaya, ningechemsha maji. Ningeenda kazini saa ine badala ya saa kumi na mbili. Ni hivyo tu." Halafu akasema, "Enda kwake. Sasa, si kesho."

Nilikwenda na bâche ya buluu mkononi. Nilifikiri atanifukuza, nilikuwa nimejitayarisha kufukuzwa, pengine nilitaka. Mama Zaituna alinisikiliza amesimama. Nilipomaliza hakupandisha sauti.

Aliniambia kwamba siku ile niliposema sikumbuki, alirudi nyumbani akatafuta bâche chumba kwa chumba, akafungua hata masanduku ya marehemu. Hakuipata. Basi akaona ni kilio kimemharibu kichwa, anakumbuka kitu ambacho hakikufanyika. Aliwauliza watoto wake kama wanamwona yuko sawa.

"Halafu nikaanza kujiuliza," alisema. "Mume wangu aliniambia maneno kabla hajakufa. Tulikuwa wawili tu mule chumbani. Nayashika kila siku. Nikasema, kama ya bâche nilitunga, na yale je? Labda nayo nilitunga."

Nikamnyoshea ile bâche ya buluu.

Alichukua bâche, akasema asante umesema, akafunga mlango taratibu. Tangu hapo ananisalimu. Anasema bonjour na jina langu. Hanunui tena kwangu, na sidai.

Toussaint alikwenda kwake siku hiyo hiyo. Aliacha tricycle barabarani, akaingia uani kwake kwa mikono, mbele ya watu wa bomba la maji, ili waone. Walisema nini sijui. Sikuitwa.

Hivyo ndivyo tulivyo sasa. Bado Toussaint anavuka mgongoni kwa Camion. Ananiita yaya kama zamani, anakula ninachopika. Lakini haniachii tena kitu cha kutunza, hata ufunguo. Akitoka anaupeleka kwa Mama Zaituna.

Silii. Watu wanafikiri mtu mwenye majuto analia. Mimi napika.

Ninyi mnaosoma, wenye kutunziwa vitu vyenu na wenye kutunza: funikeni kwa rangi isiyo nyeusi, upepo upite, msiweke kitu juu. Hayo ni ya kayaki, na wengi wenu hamtakuwa nayo kamwe. Lakini kama umeharibu kitu cha mtu, usikipake mafuta. Kigeuze upande ule mbaya, mwite, aje aangalie akiwa bado yuko nchi kavu. Huenda dawa yake ni sufuria moja ya maji moto, na wewe huijui, yeye anaijua.

Na ukiulizwa kitu unachokikumbuka, usiseme hukumbuki. Yule anayekuuliza anaweza kukuamini.